Nasaba ya Saa Kuukuu

Mnamo Novemba 1954, shirika la ndege la SAS la nchi za Skandinavia lilianza kusafirisha abiria kutoka Copenhagen hadi Los Angeles kwa kukatiza juu ya Aktiki. Njia hiyo ilifupisha safari, lakini iliwapitisha marubani karibu na ncha ya sumaku, ambako dira huyumba na hesabu ya muda huwa ndiyo tegemeo. Kampuni ya Universal Genève ya Uswisi ikatoa saa ya mkono kwa ajili ya safari hizo, iliyokingwa dhidi ya sumaku, na aliyeichora alikuwa kijana wa miaka 23 aitwaye Gérald Genta. Ikaja kuitwa Polerouter. Iliundwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha ikaachwa. Leo hakuna rubani anayeihitaji, wala hakuna mvaaji anayeihitaji ili ajue wakati: simu ya bei ya chini kabisa hutaja saa kwa usahihi ambao Polerouter haikuufikia hata siku ilipotoka kiwandani. Hata hivyo wapo watu wanaokesha wakichunguza picha za saa hizi, wanaojua herufi za jina ziliandikwaje mwaka gani, na wanaoitaja chapa hiyo kwa sauti ambayo watu wengine humwekea mchumba. Wenyewe husema wameipenda, na hawasemi kwa mzaha. Swali ni la kifalsafa kabla halijawa la biashara: mtu anayependa saa ya namna hiyo anapenda nini hasa? Na je, upendo huo ni wa haki, au ni roho iliyopotea njia ikakumbatia chuma?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna upendo hapo; kuna majivuno na kuna uwekezaji. Jibu hilo lina ukweli ndani yake na nitalirejea, lakini haliwezi kutangulia, kwa sababu linaruka jambo lenyewe linalohitaji kuelezwa. Tuanze kwa kuziweka kando sababu zisizotosha. Matumizi hayatoshi. Seiko ya Japani ilipoanza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuingia sokoni, tarehe 25 Desemba 1969, ubishi wa usahihi ulikwisha: saa ile iliahidi kutopotea zaidi ya sekunde 5 kwa mwezi, ilhali saa ya kamani inayofuzu kipimo rasmi cha Uswisi huruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi 6 kila siku. Uzuri nao hautoshi, kwa kuwa mtu apendaye sura peke yake angeridhika na nakala nzuri, na nakala hazikosekani. Uhaba hautoshi, maana ziko saa adimu mno ambazo hakuna anayezitafuta. Uzee ndio hautoshi kabisa. Vitu vikuukuu vimejaa majalalani, na wahenga waliona mbali waliposema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hoja yangu ni kwamba mkusanyaji wa kweli anapenda ushahidi. Anapenda kushika kitu kinachothibitisha kwamba watu fulani, mahali fulani, walifanya kazi yao kwa uaminifu, na kwamba kati ya mikono yao na mkono wake uzi haukukatika. Upendo huo si upofu wala ibada ya sanamu, kwa sababu unaweza kukanushwa na ukweli. Lakini hubaki halali pale tu mwenye saa anapojihesabu kuwa mdhamini wake.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii umetokana na kashfa. Mnamo Novemba 2021, katika mnada mmoja jijini Geneva, saa ya Omega Speedmaster ya toleo la kwanza kabisa, lile la mwaka 1957, iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3.1 za Uswisi. Uso wake uliokuwa mweusi ulikuwa umegeuka kahawia kwa miaka na jua, na wataalamu waliusifu. Mwaka 2023 kampuni ya Omega yenyewe ilitangaza kwamba saa ile ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba watu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika. Lililo muhimu kwetu ni kwamba vipande vyake vingi vilikuwa vya Omega kweli. Chuma kilikuwa chuma kile kile, sura ilikuwa sura ile ile, mishale ilizunguka kama jana yake. Hakuna hata chembe moja ya saa ile iliyobadilika kati ya siku ya kusifiwa na siku ya kuumbuliwa. Hata hivyo, kila aliyekuwa ameipenda aliona kwamba alichokipenda hakipo, na hakikuwapo tangu mwanzo. Ingekuwa mapenzi yale yalielekea kwenye chuma, yasingepaswa kuguswa na habari ile. Ingekuwa yalielekea kwenye uzuri, vivyo hivyo. Kilichovunjika ni kauli: saa ile ilidai kwamba mikono fulani iliikusanya kuwa kitu kimoja mwaka fulani, na dai hilo likawa uongo.

Msomaji aliyekulia karibu na madrasa atakuwa ameshalitambua jambo hili kwa jina lake. Wanazuoni wa hadithi hawaipimi riwaya kwa utamu wa maneno yake peke yake. Huuliza imepokewa kutoka kwa nani, aliyeipokea kwa nani, na kama wapokezi hao waliwahi kukutana. Maneno yanaweza kuwa mazuri mno na bado isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, ikawa imekatika, na hapo hadithi huitwa dhaifu, au hata ya kubuni. Mkusanyaji wa saa, hata awe mtu asiyeamini lolote, amejenga elimu inayofanana na hiyo bila kujua. Huuliza: je, namba iliyochongwa mgongoni inalingana na mwaka unaodaiwa? Mashine iliyomo ndani ndiyo iliyotoka nayo kiwandani? Mishale ni ya asili au imebadilishwa na fundi? Nani aliinunua kwanza, na ilipitia kwa nani? Kabla ya mnada hukagua risiti iliyokunjwa miaka 60 kwa makini yale yale ambayo wengine huikagulia hati ya kiwanja. Saa isiyo na nasaba haimshughulishi hata ing'ae vipi, kwa maana uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Upendo huu pia hauji kama radi, jambo linaloutenga na tamaa ya kawaida ya macho. Hukua kwa elimu. Mtu huanza kwa kuona Polerouter moja na kuvutiwa na masikio yake yaliyopinda kama kamba iliyosokotwa. Akidadisi kidogo hujua kwamba saa nyingi zinazojitia ufunguo zenyewe zina kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka juu ya mashine, na kwamba Universal Genève walikipunguza kipande hicho na kukizamisha ndani ya mashine yenyewe ili saa iwe nyembamba. Akidadisi zaidi hugundua kwamba kampuni nyingine ya Uswisi, Büren, ilikuwa imefikia wazo hilo hilo karibu wakati mmoja, na kwamba jambo hilo lilizua mgogoro wa haki za uvumbuzi. Kisha hutoka kwenye saa moja kwenda kwenye ukoo: kampuni iliyoanzishwa mwaka 1894 katika mji wa Le Locle, kronografu zake (saa zenye kipima muda) za Compax za miaka ya 1930, Tri-Compax ya 1944 inayoonyesha tarehe, siku, mwezi na hata umbo la mwezi mbinguni. Humfuatilia yule kijana Genta hadi kwenye kazi zilizomtangaza baadaye, Royal Oak ya Audemars Piguet mwaka 1972 na Nautilus ya Patek Philippe mwaka 1976, akitafuta ndani yake kivuli cha mkono ule wa ujanani. Plato, katika mazungumzo yake ya Karamu, alieleza mapenzi kuwa ngazi: mpenzi huanza na mwili mmoja mzuri, akajifunza kuuona uzuri huo huo katika miili mingi, kisha akapanda kwenye uzuri wa kazi na wa elimu. Mkusanyaji hafiki kilele alichokitaka Plato, lakini ngazi ni ile ile. Anachoita kupenda chapa ni kupanda kutoka kitu kimoja hadi ukoo wa vitu, na kutoka ukoo wa vitu hadi watu na fikra zilizovizaa.

Hapo huinuka pingamizi la kwanza, na limo tayari katika kinywa cha Waswahili: ukipenda, chongo huita kengeza. Tazama, atasema mpinzani, jinsi wakusanyaji wanavyozipamba kasoro. Uso uliobabuka kwa jua na unyevu huuita wa kitropiki, kana kwamba kuharibika ni heshima. Rangi ya mng'ao iliyogeuka ya njano kwa uchakavu huisifu kama asali. Kama si upofu wa mapenzi, ni nini? Jibu ni kwamba methali ile inamsema mtu anayelibadili jina la kasoro ili asiione, na mkusanyaji anafanya kinyume chake. Hutazama kasoro kwa kioo cha kukuzia, huipima, huipiga picha, huieleza kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Anachokichukia ni kasoro iliyofichwa: uso uliopakwa rangi upya, kingo zilizosuguliwa hadi zikapoteza umbo, mshale wa saa nyingine. Kovu la kweli ni bora kwake kuliko ngozi ya kubandika. Sababu yake iko wazi tukishakubali kwamba anapenda ushahidi: kubabuka kwa uso ni sehemu ya maelezo ya shahidi, na anayeupaka uso huo rangi amemlisha shahidi maneno. Upofu haujali ushahidi. Upendo huu unaishi kwa ushahidi na unaweza kufa kwa ushahidi, kama tulivyoona kwa ile Speedmaster.

Pingamizi la pili linakwenda ndani zaidi. Historia, atasema mpinzani, haimo ndani ya saa. Ipime yote kwa mizani, ipige eksirei, hutaikuta Aktiki wala Genta. Utakuta chuma cha pua, shaba na mafuta yaliyoganda. Historia imo vichwani mwa wapenzi, nao wanaipaka juu ya chuma, basi wanapenda njozi zao wenyewe. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana jibu ambalo mataifa yaliyotengeneza saa hayana. Mshale mfupi unapoelekea kwenye 7 asubuhi, sisi husema saa moja; unapofika 12 mchana, husema saa sita. Tunaisoma saa ya Uswisi kinyume cha tarakimu zake kila siku ya maisha yetu, na hatukosi treni wala swala. Kwa hiyo tunajua kwa uzoefu, bila kufundishwa na mwanafalsafa, kwamba uso wa saa hausemi wakati peke yake. Wakati husomwa na jamii inayojua kuhesabu kuanzia mapambazuko au kuanzia usiku wa manane. Lakini je, kwa sababu maana haimo ndani ya chuma, saa moja asubuhi ni njozi? La. Mtu anayesema ni saa tatu wakati ni saa moja amekosea, na atachelewa au atawahi. Maana inaweza kutolewa na watu na bado ikawa na kweli na uongo wake. Ndivyo ilivyo nasaba ya saa. Ni kweli kwamba haionekani kwa eksirei, sawa na vile ndoa, deni na ahadi zisivyoonekana kwa eksirei. Na ni nani atakayesema deni ni njozi?

Jambo hili linadhihirika katika majina. Kampuni hutoa namba. Wapenzi hutoa majina. Ipo kronografu ya Universal Genève ambayo wakusanyaji huiita Nina Rindt, kwa sababu Nina, mke wa dereva wa mbio za magari Jochen Rindt, alipigwa picha pembezoni mwa uwanja akiwa ameivaa kwenye mkanda mpana. Rindt alikufa Monza mwaka 1970, akatangazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini. Hakuna mtu wa mauzo aliyeketi ofisini akabuni jina lile. Katika Ghuba nako, Sultani Qaboos wa Oman alikuwa akitunukia watu saa za Rolex zenye nembo ya taifa, jambia juu ya panga mbili zilizopishana, wakiwamo askari wa Kiingereza waliopigana vita vya Dhofar nchini mwake. Chuma cha saa hizo hakitofautiani na cha saa zilizouzwa dukani mwaka huo huo. Tofauti ni kwamba hizi zilitolewa kama shukrani na mtu mmoja kwa mtu mwingine, na tendo hilo limeandikwa usoni mwa saa. Anayelithamini jambia lile anathamini tendo, na tendo lilitokea kweli.

Pingamizi la tatu linalenga chapa yenyewe. Chapa, wanasema, ni jina la biashara, na jina la biashara huuzwa kama gunia la mchele. Universal Genève yenyewe ni mfano mchungu. Saa za kwatzi ziliitikisa Uswisi hadi idadi ya waajiriwa wa viwanda vya saa ikaporomoka kutoka takriban 90,000 mwaka 1970 hadi kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1989 kampuni hiyo ilinunuliwa na Stelux ya Hong Kong, jina likafifia, na mnamo Desemba 2023 Breitling ikatangaza kulinunua ili ilifufue. Wagiriki waliuliza zamani kuhusu merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine hadi usibaki hata mmoja wa kwanza: je, ni merikebu ile ile? Hapa hata ubao haukusalia, limesalia jina lililoandikwa ubavuni. Basi anayeipenda Universal Genève anampenda nani? Nakubali kwamba pingamizi hili lina nguvu dhidi ya wengi. Yuko anayependa jina, na huyo kesho atanunua chochote kitakachobandikwa jina hilo. Lakini angalia mwenendo wa wakusanyaji makini: wao ndio wa kwanza kukata mstari. Husema Polerouter ya 1958 ni ile, na chochote kitakachotoka baadaye kitapimwa kwa kazi yake chenyewe. Hawauchanganyi ukoo na jina, kama vile mtu wa pwani asivyokubali kwamba kila ajiitaye kwa jina la ukoo fulani ni mwana wa ukoo huo. Kuhusu kupenda kilichokufa, hilo halihitaji utetezi mrefu. Tunawapenda wazee wetu waliotangulia, tunazuru makaburi yao, na hakuna aliyetuambia kwamba mapenzi hayo ni kosa la hesabu kwa kuwa mpendwa hayupo. Kifo hukata mazungumzo, hakikati haki ya aliyekufa kukumbukwa kwa kazi yake.

Lakini wazee wetu walitupenda, na saa haikupendi. Hili ndilo pingamizi la nne, na mwenye nalo ni Aristotle. Katika Maadili ya Nicomachus alisema kwamba hakuna urafiki na kitu kisicho na uhai, kwa sababu hakirudishi upendo na kwa sababu hatukitakii heri kwa ajili yake chenyewe. Akatoa mfano wa divai: ni kichekesho kuitakia divai mema, mtu hutaka isiharibike, basi, ili aendelee kuwa nayo. Aristotle yuko sahihi, na wapenzi wa saa wanaosema saa yao ni rafiki yao wanatumia lugha ya mapambo. Lakini kipimo chake kinatupa chombo kizuri cha kuwatenganisha watu. Muulize mkusanyaji: ukijua kwa hakika kwamba hutaiona tena saa hii, lakini imefika kwa mtu atakayeitunza, atakayeipeleka kwa fundi anayejua kazi yake na hataisugua hadi kingo zikafutika, utafurahi au utasononeka tu? Yule ambaye moyo wake hautulii mpaka saa iwe yake ana mapenzi ya divai. Yule anayeweza kufurahi amevuka mpaka ambao Aristotle hakuuzungumzia. Heri anayoitaka haiendi kwa chuma, kwani chuma hakina heri. Inakwenda kwa wale waliokifanya: mchoraji, msaga vito, msichana wa kiwandani aliyeufunga utepe mwembamba kwenye gurudumu la mizani na ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kutunza kazi ya mtu asiyeweza tena kuitunza ni aina ya haki, na haki kwa waliokwisha kuondoka ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa hawawezi kudai wala kulipa.

Sasa naweza kulirejea lile jibu la haraka, la majivuno na pesa. Mnamo Oktoba 2017 saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 17.7. Uso wa namna ile, ambao wakusanyaji wameupa jina la mwigizaji huyo, haukuwa na wateja wengi madukani ulipotoka. Mkewe ndiye aliyempa, akiwa amechongesha mgongoni maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu, naye Newman akaja kumpa kijana aliyekuwa mpenzi wa binti yake. Angalia mwendo wa mambo: kwanza zawadi ya mke, pili zawadi ya mzee kwa kijana, tatu upendo wa watu waliojifunza historia ile, na mwisho kabisa bei. Soko halikuuzaa upendo, lilikuja kuuwinda. Na likishaufikia huugeuza. Watu waliokuwa wakiuliza ilitoka wapi huanza kuuliza itafika ngapi. Nakiri kwamba wengi wanaojiita wapenzi leo ni wafuatiliaji wa mnada, na kwamba tofauti ya wawili hao haionekani kwa macho kwa sababu wote wamevaa saa ile ile. Lakini kuwapo kwa sarafu bandia hakuthibitishi kwamba fedha haipo. Badala yake, mghushi wa saa na mlanguzi wote wawili hushuhudia bila kutaka kwamba kuna kitu cha kweli ambacho inafaa kukiiga.

Limebaki pingamizi la dini, ambalo ndilo zito zaidi, kwa kuwa halisemi upendo huu ni wa uongo bali kwamba ni hatari hata ukiwa wa kweli. Injili ya Mathayo inatuonya tusijiwekee hazina mahali penye nondo na kutu, na mkusanyaji wa saa, kati ya watu wote, hawezi kujifanya hakusikia: vita vyake vya kila siku ni dhidi ya kutu. Katika Kurani mpangilio wa sura unasema jambo ambalo ni rahisi kulipita. Sura ya 102, At-Takathur, inawakemea walioghafilishwa na kushindana kwa wingi hadi kaburini. Sura ya 104, Al-Humaza, inamkemea anayekusanya mali na kuihesabu akidhani itamdumisha. Kati ya hizo mbili, kama mtu aliyesimama katikati ya wakusanyaji wawili, imewekwa sura ya 103, Al-Asr, sura fupi ya aya tatu inayoapa kwa wakati wenyewe, kwa neno lile lile lililotupa alasiri yetu, na kumtangaza mwanadamu kuwa hasarani isipokuwa wanaoamini, wakatenda mema, wakausiana haki na subira. Tafsiri zipo nyingi na mimi si mufasiri, lakini ujirani huo unatosha kumfanya mwenye sanduku la saa 40 ajihoji. Anakusanya vipimo vya kitu kile kile anachopungukiwa. Kila saa aliyoiongeza imemwongezea mashahidi wa hasara yake.

Siamini kwamba onyo hili linaufuta upendo niliouelezea. Naamini linauwekea sharti. Kinachokemewa ni kuhesabu na kudhani kwamba kitu kitamdumisha mwenye nacho, ilhali upendo wa ushahidi unaanza kwa kukiri kinyume chake: saa hii iliwahi kuwa ya mtu, mtu huyo hayupo, nami nimeshika nafasi yake kwa muda. Anayeijua kweli nasaba ya kitu anajua pia kwamba yeye ni jina moja katika nasaba hiyo na kwamba halitakuwa la mwisho. Neno la Kiswahili kwa hali hiyo ni amana. Amana hutunzwa kuliko mali, kwa sababu ina mwenyewe, na hurudishwa bila kinyongo, kwa sababu ina mwenyewe. Anayeshindwa kuiona saa yake hivyo ameikata isnadi kwa mkono wake mwenyewe hata kama hakubadilisha kipande kimoja.

Na hapa mashine yenyewe ina la kusema. Polerouter haina haja ya kutiwa ufunguo kila asubuhi. Kile kipande kidogo kilichozamishwa ndani huzunguka kwa mwendo wa mkono wa mvaaji, kikaikaza kamani kadiri anavyotembea, anavyopeana mikono na watu, anavyomega mkate. Ukiifungia kabatini, baada ya siku mbili tatu husimama. Wenye saa nyingi wamebuniwa dawa: kisanduku cha umeme kinachozigeuzageuza usiku kucha, ili kila moja ijione imevaliwa. Zinazunguka humo gizani, zote zikitaja wakati barabara, bila mtu wa kuutazama.